Aneurizimu ya aota "imepungua" kutoka sentimita 5.4 hadi 5.0: nimekosea mimi au aliyenitangulia?

Mpimaji wa Asubuhi

Habari za kazi, wataalamu. Huu ni mwaka wangu wa pili tangu nianze kufanya vipimo vya ultrasaundi bila msimamizi kusimama nyuma yangu, na wiki hii nimekutana na jambo lililoninyima raha.

Mgonjwa ni mzee wa miaka 71 aliyevuta sigara kwa muda mrefu kabla ya kuacha. Aneurizimu yake ya aota ya tumbo, yaani kutanuka kusiko kwa kawaida kwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, iligunduliwa miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo anafuatiliwa kwa ultrasaundi tu. Hajafanyiwa upasuaji wala kuwekewa kipandikizi ndani ya mshipa. Ripoti ya miezi sita iliyopita, ambayo iliandikwa na mwenzangu aliyekwisha kuhama, inasema kwa kifupi: "Kipenyo kikubwa kabisa ni sentimita 5.4." Mimi nilimlaza chali, nikaanza kuitafuta aota chini ya kifua, nikaifuata hadi inapogawanyika karibu na kitovu, nikasimamisha picha mahali palipoonekana kuwa papana zaidi, nikapata 5.0. Nilirudia nikapata 5.0 tena, na mara ya tatu 4.9.

Mzee alikuwa ameigeuzia shingo skrini muda wote. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa imefika ngapi?" nami nikamtajia namba kabla sijafikiri. Alishusha pumzi kwa sauti, akanishika mkono wenye jeli, akasema kumbe dawa za presha zimefanya kazi yake, na akauliza kama bado kuna haja ya kusumbuka kuja kila baada ya miezi sita. Sikuwa na jibu. Nilimwomba asubiri ripoti.

Ninavyofahamu, aota iliyokwisha kutanuka hairudi nyuma yenyewe, kwa hiyo moja kati ya vipimo hivi viwili lazima lina kasoro. Naomba mnisaidie mambo mawili: nitajuaje ni kipi, na niandike nini katika ripoti ambayo bado sijaitia saini?

---

Mkongwe wa Probu

Mdogo wangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia saini. Nianze kwa kusema kwamba huenda hakuna aliyekosea kwa maana unayoiogopa. Inawezekana kabisa wewe na mwenzako mmepima vitu viwili tofauti na mkaviita kwa jina moja.

Aota haina mstari mmoja mwembamba ambao kila mtu ataweka alama zake juu yake. Ina ukuta, na ukuta una unene, hasa kwa mzee mwenye mafuta na chokaa mishipani. Wapo wanaopima kutoka uso wa nje wa ukuta wa mbele hadi uso wa nje wa ukuta wa nyuma. Wapo wanaopima kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani, na huo ndio utaratibu wa mpango wa uchunguzi wa aneurizimu nchini Uingereza, ambao huwaita wanaume katika mwaka wanaotimiza miaka 65. Na wapo wanaoanzia uso wa nje wa ukuta wa mbele na kuishia uso wa ndani wa ukuta wa nyuma, yaani pale ambapo kila mwangwi unaanzia. Njia hii imezoeleka Sweden. Kati ya njia ya kwanza na ya pili tofauti huwa kama milimita tatu, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo theluthi mbili na zaidi za zile milimita nne zilizokutisha zinaweza kuwa unene wa ukuta peke yake.

Jambo la pili ni mkao wa mkato. Fikiria unakata ndizi: ukiikata wima kwa mwili wake unapata duara, ukiinamisha kisu unapata yai. Aota ya mzee mara nyingi imepinda, na ukiikata kwa mshazari kipenyo kitarefuka bila mshipa kukua hata kidogo. Piga hesabu mwenyewe. Mshipa wenye kipenyo halisi cha sentimita 5.0 ukikatwa kwa kuinamisha probu (kile kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa mkononi) nyuzi 20 utasomeka takriban 5.3, na ukiinamisha nyuzi 30 utasomeka karibu 5.8. Nyuzi 20 si nyingi. Ni mkono uliochoka mwisho wa zamu. Ndiyo maana huwa siridhiki na picha ya mkato wa kukingama pekee. Natafuta kwanza aota kwa urefu wake, nauona mwelekeo wa mhimili wake pale palipotanuka, kisha naizungusha probu taratibu nyuzi 90 nikihakikisha kwamba ninaukata mhimili huo, si mwili wa mgonjwa. Mwili wa mgonjwa na aota yake havielekei upande mmoja kila mara.

La tatu ni mwelekeo wa kipimo. Kipenyo cha mbele kwenda nyuma kinaaminika kuliko cha ubavu kwa ubavu, na sababu yake iko katika fizikia ya mawimbi yenyewe. Ukuta wa mbele na wa nyuma unapigwa na mawimbi uso kwa uso, hivyo unarudisha mwangwi mkali na kuonekana kama uzi mweupe. Kuta za ubavuni ziko sambamba na mawimbi. Mwangwi wake hufifia, na mpimaji analazimika kukisia ukuta ulipo. Isitoshe, mashine inapambanua vizuri zaidi vitu vilivyopangana kwa kina kuliko vilivyopangana upande kwa upande.

Fungua picha za zamani, usisome ripoti tu. Tazama zile alama ndogo za kupimia zimewekwa wapi hasa. Kama picha zimehifadhiwa, jibu lako limo humo.

---

Daktari wa Mishipa

Naunga mkono maelezo ya Mkongwe, isipokuwa nina la kuongeza kutoka upande wa anayeipokea ripoti, kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa na mgonjwa na kumwambia tutafanya nini.

Kipenyo ambacho tunakitumia kuamua kama mwanaume atibiwe ni sentimita 5.5, na namba hiyo haikuokotwa barabarani. Ilitokana na majaribio makubwa mawili, moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 1998 likiwa na wagonjwa 1,090, na jingine la Marekani lililochapishwa mwaka 2002 likiwa na wagonjwa 1,136. Yote mawili yaliwalinganisha watu wenye aneurizimu kati ya sentimita 4.0 na takriban 5.5 waliofanyiwa upasuaji mapema na wale waliofuatiliwa kwa picha, na yote mawili yaliona kwamba upasuaji wa mapema haukuwaongezea maisha. Ndiyo sababu mwanaume asiye na dalili husubiri hadi 5.5. Kwa wanawake tunafikiria matibabu mapema zaidi, kwenye 5.0, kwa sababu aota zao hupasuka zikiwa na kipenyo kidogo kuliko za wanaume. Lakini msisahau kwamba jaribio la Uingereza lilitumia ultrasaundi kufuatilia wagonjwa, ilhali la Marekani lilitegemea CT (picha za mikato ya mwili zinazopigwa kwa eksirei), na CT kwa kawaida husoma milimita kadhaa zaidi ya ultrasaundi. Mpaka huo ambao sote tunautaja kana kwamba ni mstari wa chaki ulichorwa kwa rula mbili zisizofanana.

Kwa hiyo ninapopokea karatasi yenye "5.4" bila neno jingine, sijui nimeambiwa nini. Ikiwa ni uso wa ndani hadi wa ndani, mgonjwa huyo ukimpima kwa nje amevuka 5.5 na ninapaswa kumwita wiki hii. Ikiwa ni nje hadi nje, kwa mkato wa mshazari, huenda yuko kwenye 5.0 na anaweza kwenda kumwona mjukuu wake bila hofu. Karatasi ni ile ile.

Mkongwe ametaja njia za kupima bila kuchagua mojawapo. Mimi napendelea kipimo cha nje hadi nje, kwa sababu ndicho ninachokipima kwenye CT ninapopanga upasuaji, na kwa sababu ukuta ni sehemu ya mshipa utakaopasuka. Hata hivyo, nachukia zaidi kubadilishiwa njia katikati ya safari kuliko kupewa njia nisiyoipenda.

Na kuhusu ukuaji: hata wapimaji wazuri wawili wakimpima mtu mmoja siku moja, si ajabu wakatofautiana milimita kadhaa. Aneurizimu ndogo hukua kwa wastani wa milimita mbili au tatu kwa mwaka, na hukua haraka zaidi kwa wanaoendelea kuvuta sigara. Maana yake ni kwamba mabadiliko ya miezi sita mara nyingi yamejificha ndani ya makosa ya kipimo. Usimwandikie mtu "imekua" au "imepungua" kwa kulinganisha namba mbili za mwisho tu. Panga namba zote tangu siku ya kwanza, uone mwelekeo wake.

Kwa mzee wako, tafadhali mpigie simu. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuipunguza aneurizimu. Dawa za presha na za mafuta ya damu zina kazi kubwa ya kuulinda moyo wake na ubongo wake, na kuacha sigara kumemsaidia kweli, lakini akibaki na imani kwamba amepona, hatarudi. Hilo linanitia wasiwasi kuliko tofauti ya milimita nne.

---

Mwalimu wa Picha

Naomba niongeze mambo mawili ambayo hayajatajwa, kwa sababu nimewahi kulipa gharama ya moja kati ya hayo.

Zamani nilimpima mama mmoja nikaandika sentimita 3.6. Picha ilikuwa safi: duara jeusi zuri, kuta zake zimekaza, nikaridhika. Nilipowasha dopla ya rangi, rangi ilijaa duara lote, nikaridhika zaidi. Kumbe duara lile lilikuwa njia ya damu tu. Kulizunguka palikuwa na tabaka nene la damu iliyoganda, la kijivu hafifu lililokaribia kufanana na nyama za jirani, na ukuta wenyewe wa aota ulikuwa mbali nje ya hapo. Mwenzangu alimrudia wiki hiyo hiyo, akaongeza mwangaza wa picha kidogo, na ukuta ukajitokeza: 5.8. Mama huyo alitibiwa na akapona, lakini hadi leo sijawahi tena kuweka alama za kupimia kabla ya kujiuliza, "Nje ya duara hili kuna nini?" Dopla ya rangi inaonyesha damu inapopita, haionyeshi mshipa unapoishia. Anayepima kutoka ndani hadi ndani anapaswa kuelewa kwamba "ndani" ni uso wa ndani wa ukuta, si ukingo wa damu iliyoganda. Wanafunzi wengi huchanganya hapa.

Kwa hiyo, Mpimaji, kabla ya kuhukumu kwamba tofauti yote ni unene wa ukuta, hakikisha kwamba damu iliyoganda umeijumuisha katika picha yako.

La pili ni mapigo ya moyo. Aota hutanuka moyo unaposukuma na hunywea kidogo unapolegea, kiasi cha milimita moja hadi mbili. Ukisimamisha picha popote tu, unaingiza bahati nasibu ndani ya kipimo. Rudisha nyuma fremu chache zilizohifadhiwa na mashine, chagua ile ambayo mshipa umetanuka zaidi, kisha fanya vivyo hivyo kwa kila mgonjwa.

Gesi ya tumboni sitaisemea sana. Mgonjwa afunge kula kwa saa kadhaa, na gesi ikikuzuia, bonyeza probu taratibu na kwa subira mpaka utumbo usogee. Au mlaze ubavu umpime kutokea pembeni. Usikandamize kwa nguvu juu ya aneurizimu yenyewe. Ikiwa huoni, andika kwamba hukuona. Ni neno la heshima katika ripoti.

---

Binti wa Mgonjwa

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Baba yangu ana tatizo hili na amekuwa akipimwa sehemu mbili tofauti kwa zamu, kulingana na nafasi inapopatikana. Namba zake zimekuwa 4.3, 4.7, 4.4, 4.8, na kila mara nyumbani tunafurahi au tunalia. Je, si bora afanyiwe CT moja kwa moja ili tujue ukweli?

---

Daktari wa Mishipa

Dada, hujaingilia chochote. Namba za baba yako ni mfano bora kuliko niliotoa mimi. Zitazame tena: 4.3 na 4.4 ni za upande mmoja, 4.7 na 4.8 za upande mwingine, kama nimekuelewa kwamba walipishana. Ukizitenganisha, kila sehemu inasema jambo lile lile, kwamba mabadiliko ni kama milimita moja, nayo ni ndogo mno kumtisha mtu. Kinachopanda na kushuka ni njia ya kupima.

CT si lazima kila mara. Ina mionzi, mara nyingi huhitaji dawa ya kung'arisha mishipa ambayo inaweza kuyaelemea mafigo ya mzee, na kwa kipenyo cha baba yako haitabadilisha uamuzi wowote. Tunaihitaji anapokaribia kiwango cha matibabu, ili kuthibitisha ukubwa na kupanga kazi, au pale ultrasaundi inaposhindwa kuona. Omba apimwe sehemu moja, na kila mwendapo mchukue picha za mara iliyopita pamoja na ripoti. Jambo moja tu halisubiri miadi: akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo, mgongo au kiuno, au akizimia, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mwambieni wa kwanza kuwapokea kwamba ana aneurizimu ya aota. Ultrasaundi inaweza kuthibitisha haraka kwamba aneurizimu ipo, lakini haiwezi kumhakikishia mtu kwamba haijavuja.

---

Mpimaji wa Asubuhi

Shikamooni, walimu wangu. Nimerudi na majibu, na naona nilieleze lote ili atakayepita hapa baadaye afaidike.

Picha za miezi sita iliyopita zilikuwepo. Mwenzangu alipima nje hadi nje, lakini ile 5.4 iliyofika kwenye ripoti ilikuwa kipimo cha ubavu kwa ubavu. Mkato wenyewe ulikuwa na umbo la yai, na ukuta wa upande wa kushoto haukuonekana kabisa; alama iliwekwa kwenye ukungu. Kwenye picha hiyo hiyo nilipima mbele kwenda nyuma, nje hadi nje, nikapata 5.1.

Kisha nikafungua picha zangu. Damu iliyoganda nilikuwa nimeijumuisha, nashukuru Mungu. Lakini nilipima ndani hadi ndani kama nilivyofundishwa chuoni, na fremu niliyoisimamisha haikuwa ile iliyotanuka zaidi. Nilimwita mzee, akaja juzi akiwa amefunga kula tangu usiku. Nilianza kwa kuitazama aota kwa urefu na nikaona jambo ambalo sikuliona mwanzo: inapinda kuelekea kushoto kabla ya kufika kwenye mgawanyiko, ndiyo maana mkato wa mwenzangu ulitoka kama yai. Niliizungusha probu juu ya mhimili, nikachagua fremu wakati wa msukumo wa moyo, nikapima mara tatu. Mbele kwenda nyuma, nje hadi nje: 5.3, 5.3, 5.4. Ndani hadi ndani: 5.0.

Kwa hiyo aneurizimu niliyoitangaza kwamba imepungua milimita nne huenda imeongezeka mbili. Sisemi kwamba imekua, kwa sababu nimeelewa kwamba milimita mbili haziwezi kubeba neno hilo. Lakini kupungua, haikupungua.

Ripoti nimeiandika hivi, nanyi mnisahihishe: "Aota ya tumbo chini ya mishipa ya mafigo ina aneurizimu yenye damu iliyoganda pembezoni. Kipenyo kikubwa kabisa, mbele kwenda nyuma, kwa mkato ulio wima kwa mhimili wa mshipa, wakati wa msukumo wa moyo, ni sentimita 5.3 kutoka uso wa nje hadi uso wa nje, na sentimita 5.0 kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani. Picha ya miezi sita iliyopita imepimwa upya kwa njia ya kwanza na kupata 5.1, thamani ya 5.4 iliyoripotiwa wakati huo ilikuwa ya ubavu kwa ubavu na kwa mkato wa mshazari, hivyo isilinganishwe na ya sasa. Tofauti iliyopo imo ndani ya kiwango cha makosa ya kipimo."

Mzee nilimweleza mwenyewe, nikiwa nimemgeuzia skrini. Nilimwonyesha ukuta wa nje na wa ndani kwa ncha ya kalamu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama namba ya mwanzo nilimdanganya. Nikamwambia hapana, ila niliharakisha kuitaja. Akasema atarudi tarehe atakayopangiwa.

---

Mkongwe wa Probu

Ripoti hiyo ningeitia saini mimi mwenyewe. Ongeza kitu kimoja: hifadhi picha ya urefu inayoonyesha ule mpindo wa kushoto, pamoja na mstari wa mahali ulipokata. Atakayempima baada yako aanzie hapo.

Na kuhusu muda wa kurudi, mwachie daktari wake, lakini mkumbushe kipenyo hiki kinaangukia wapi. Mpango wa Uingereza huwaita wenye sentimita 4.5 hadi 5.4 kila baada ya miezi mitatu, ukipima ndani hadi ndani. Mwongozo wa madaktari wa mishipa wa Marekani wa mwaka 2018 unataja miezi sita kwa wenye 5.0 hadi 5.4. Kwa aota iliyopinda hivyo, na iliyofika hapo, mimi ningeomba miezi mitatu.